Kabla ya Kulipia Pete ya Almasi

Umeona pete ya uchumba kwenye Instagram, inang'aa vizuri, na muuzaji anasema utume elfu ishirini sasa hivi akushikie. Ngoja kidogo.

Uliza kwanza: hiyo ni almasi gani? Kuna ya kuchimbwa ardhini na kuna ya kutengenezwa maabarani. Zote ni almasi kweli, na hata sonara hawezi kuzitofautisha kwa macho tu, ila ya maabara bei yake iko chini sana. Kuinunua si vibaya, bora usiuziwe kwa bei ya ile nyingine. Halafu kuna moissanite, ambayo si almasi kabisa. Ile mashine ndogo ya kupima joto inaweza kuisoma kama almasi, kwa hivyo usitulie eti kwa sababu imelia.

Kinachosaidia ni cheti. Cheti cha GIA ya Marekani kina nambari unayoweza kuingiza kwenye tovuti yao ukaona uzito, rangi na vipimo vya jiwe. Mawe mengi pia yamechongwa nambari hiyo kwa leza ukingoni. Omba lenzi uisome mwenyewe. Karati 1 ni gramu 0.2 tu. Jiwe la karati 0.9 kwa macho halina tofauti kubwa na la 1, lakini bei hushuka. Mimi ningeweka hiyo pesa kwenye mkato mzuri, maana mkato ndio unaofanya jiwe liwake. Ndani ya pete tafuta muhuri: 750 ni dhahabu ya karati 18, 375 ni karati 9.

Sasa malipo. Lipa kwa Till au Paybill ya duka, si kwa nambari ya mtu binafsi, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ujumbe wa malipo unaonyesha pesa imeenda wapi, hausemi umenunua nini. Dai risiti yenye aina ya almasi, uzito, nambari ya cheti na masharti ya kurudisha.

Kurudishiwa muamala ni msaada kwa aliyekosea nambari. Ukimtumia tapeli kwa hiari yako, naye akatoa pesa kwa wakala, kuipata tena ni kazi ngumu hata kwetu. Na kama bei inapita kiwango cha muamala mmoja, gawanya malipo, lakini kila sehemu iende kwa Till ile ile. Ukipewa nambari nyingine ya "kumalizia", simama hapo hapo upigie duka simu.