Neno "Shairi" na Maana Zake Mbili

Neno shairi limetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuhisi na kutambua. Asili hiyo, hata hivyo, haiamui ugomvi uliopamba moto baada ya Kichomi, diwani ya Kezilahabi (1974), maana wahakiki wa Kiarabu wa kale nao walilifunga neno lao katika vina na mizani. Kosa letu ni kuchanganya maana mbili: shairi lililo bahari mojawapo, kwa kawaida mishororo minne ya mizani 16, na shairi lililo jina la jumla la tungo zote. Anayeshikilia ile ya kwanza pekee hana budi kuutoa hata Utendi wa Mwana Kupona (1858), wenye mizani 8 tu kila mshororo. Sijamwona aliye tayari.