Jamii Zisizo na Maandishi (Sehemu ya Pili): Ushahidi wa Wazee wa Ngara na Biharamulo

Juma lililopita tuliona jinsi maandishi yalivyoanza Sumeri na Misri. Leo turudi nyumbani, kwa Wahangaza, Washubi na Wazinza. Kabla ya kuja kwa wamisionari na Wajerumani, lugha zao hazikuwa zikiandikwa. Wapo wanaosema kwamba kwa hiyo hawakuwa na historia. Nakataa.

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alipita Usui, nchi iliyokuwa katika eneo la wilaya za Ngara na Biharamulo za leo. Alikwama kwa majuma kadhaa akidaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita, na watu wa mfalme Suwarora, akaondoka bila kumwona mfalme mwenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1863 kimejaa malalamiko ya hongo hiyo, na kwa kuwa kimepigwa chapa, kinaaminiwa. Huo ni ushahidi wa mpita njia aliyetazama nchi akiwa hemani.

Wenyeji walitunza kumbukumbu zao kwa utaratibu. Mahari ilipolipwa, au shamba la migomba liliporithiwa, jambo lilifanyika mbele ya wazee, na pombe ya ndizi iliyonywewa pamoja ndiyo iliyokuwa sahihi ya mkataba. Kila ukoo ulijua mwiko wake na ulikotoka. Msimulizi akikosea, waliomzunguka walimsahihisha papo hapo.

Je, kumbukumbu za namna hiyo zinaweza kuaminika? Tazameni Katuruka, karibu na Bukoba. Wazee wa Kihaya walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe alijenga hapo mnara wa chuma kuelekea mbinguni, wakaonyesha na mti unaotambulisha mahali hapo. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza, akachimba mwanzoni mwa miaka ya 1970, akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya takriban miaka 2,000. Mnara ni hadithi. Chuma ni kweli. Maandishi yasingemwelekeza, kwa sababu hayakuwapo.

Kinachonisumbua ni kwamba utaratibu ule umelegea. Watoto wanasoma kwa Kiswahili, jioni kila mmoja yuko na simu yake, na mzee anakaa bila msikilizaji wala wa kumsahihisha.

Msomaji wa Rulenge, Kabanga au Nyakahura, simu hiyo hiyo inanasa sauti. Mwulize bibi jina la kilima chenu, asili ya jina hilo na mwiko wa ukoo. Mwache aseme kwa lugha yake, usimkatize. Kisha andika jina lake, kijiji na tarehe. Fanya hivyo likizo hii.