Je, Wajua? Gazeti Lililotoka Ndui Ilipokwisha

Kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Winnipeg, nchini Kanada, kuna mji mdogo uitwao Gimli. Walowezi wa kwanza kutoka Iceland walifika hapo Oktoba 1875, na mwaka uliofuata wakaja mamia wengine, wengi wakikimbia majivu ya volkano ya Askja. Katika masimulizi yao ya kale, Gimli ni jumba zuri wanamokaa watu wema baada ya dunia kuangamia. Waliokuja na jina hilo walikuja pia na vitabu kwenye masanduku yao. Kisha wakashika kalamu wenyewe, na ndiyo maana tunawataja hapa.

Je, wajua kwamba gazeti lao la kwanza lilitoka kabla hata miezi miwili haijatimia tangu karantini ya ndui iondolewe?
Kati ya 1876 na 1877 ndui ilivamia makazi yao, Nýja Ísland, yaani Iceland Mpya. Iliua walowezi wapatao 100, ikaua pia Wakrii na Waojibwe wengi, wenyeji wa ardhi ile. Karantini iliondolewa Julai 1877. Tarehe 10 Septemba mwaka huohuo, katika kijiji cha Lundi ambacho leo ni Riverton, likatoka gazeti la *Framfari*, maana yake Maendeleo. Watu waliokuwa bado wanaomboleza walitoa pesa kununua mtambo wa kuchapia. Gazeti hilo liliendelea hadi 1880.

Je, wajua kwamba Kiaisilandi kina herufi za sauti mbili tunazozijua vizuri?
Herufi *þ* hutamkwa kama *th* ya "thamani", na *ð* kama *dh* ya "dhahabu". Kiingereza kinazo sauti hizo lakini herufi zenyewe kiliziacha karne nyingi zilizopita. Kwa hiyo mchapaji wa Kiaisilandi ugenini ilimbidi awe na herufi za risasi ambazo jirani yake wa Kiingereza hakuzihitaji.

Je, wajua kwamba mshairi wao mkubwa alikuwa mkulima asiyepata shule?
Stephan G. Stephansson alizaliwa Iceland mwaka 1853. Siku moja utotoni aliwaona vijana anaowafahamu wakipita na farasi kwenda shuleni. Kwao hapakuwa na uwezo wa kumsomesha; akatoka nje, akajificha akilia, mpaka mama yake akamkuta huko. Mwaka 1873 familia ilihamia Marekani, na mwaka 1889 akahamia Alberta, karibu na Markerville. Mara tatu alianza shamba jipya. Mchana alilima na kuchunga, usiku alitunga. Ndiyo maana mkusanyo wake wa juzuu 6 unaitwa *Andvökur*, yaani usiku wa kukesha. Mwaka 1917 Iceland ilimwalika kwa heshima kubwa, na nyumba yake ya shambani sasa ni mahali pa kihistoria panapotunzwa.

Je, wajua kwamba mtu anaweza kuwa malenga wa nchi asikozaliwa?
Guttormur J. Guttormsson alizaliwa mwaka 1878 hukohuko Iceland Mpya, akawa mkulima, na akatunga kwa Kiaisilandi maisha yake yote. Utunzi huo una sheria kali: sauti inayoanza maneno mawili ya mshororo wa kwanza lazima irudi mwanzoni mwa mshororo unaofuata. Anayeshika vina na mizani anajua nidhamu ya namna hiyo. Lakini Guttormur hakuitumia kusifu tu milima ya Iceland ambayo alikuwa hajaiona. Shairi lake mashuhuri, *Sandy Bar*, linapita kati ya makaburi ya walowezi kando ya ziwa, radi ikipiga. Iceland yenyewe ilimwalika mwaka 1938.

Je, wajua kwamba Kiaisilandi kilipigania kura ya wanawake Kanada?
Mwaka 1898, huko Selkirk, Margrét Benedictsson alianza kuhariri *Freyja*, jarida lililopewa jina la mungu wa kike wa kale. Ndani yake mlikuwa na hadithi, mashairi na hoja za haki ya wanawake kupiga kura. Lilidumu hadi 1910. Januari 1916 Manitoba ikawa jimbo la kwanza la Kanada kuwapa wanawake haki hiyo.

Je, wajua kwamba urithi huo uliingia pia katika Kiingereza?
Laura Goodman Salverson alizaliwa Winnipeg mwaka 1890, na alianza kujifunza Kiingereza akiwa na umri wa miaka 10. Riwaya yake ya mwaka 1923, *The Viking Heart*, inasimulia safari ya watu wake. Baadaye alishinda Tuzo ya Gavana Jenerali mara mbili.

Je, wajua kwamba magazeti mawili mahasimu yalifunga ndoa?
*Heimskringla* lilianza Winnipeg mwaka 1886, likaja kuunga mkono wahafidhina. *Lögberg* likafuata mwaka 1888 likiunga mkono waliberali. Jina la kwanza ni la kitabu cha kale cha historia ya wafalme. La pili ni la mwamba ambapo sheria za Iceland zilitangazwa kwa mdomo mbele ya watu. Yalibishana kwa miongo mingi, kisha mwaka 1959 yakaungana. *Lögberg-Heimskringla* bado linachapishwa, sasa zaidi kwa Kiingereza. Wajukuu wengi hawaisomi tena lugha ya mababu, lakini kila toleo huwafikia na jina la ule mwamba juu ya ukurasa wa kwanza.