Dola 200 na Wiki Nane: Kilichowabadili Vibaka wa Monrovia

Vijana wenye mapanga wakivamia mtaa, kama walivyofanya panya road jijini Dar es Salaam, wasikilizaji wanaopiga simu redioni husema jambo moja: wachapwe, wafungwe, waonjeshwe cha moto. Hasira hiyo inaeleweka. Aliyekatwa panga kwa sababu ya simu hana hamu ya kusikia habari za saikolojia ya aliyemkata. Hata hivyo, swali la kinachomfanya mtu awe mhalifu, na kinachomwachisha, limefanyiwa utafiti kwa miaka mingi, na majibu yake huwaudhi wapenda viboko na wapenda huruma vilevile.

Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, aliandika kwamba mhalifu huzaliwa mhalifu, na kwamba unaweza kumtambua kwa fuvu, taya na masikio yake. Sayansi ilishamzika Lombroso, ila mitaani bado yu hai: "Huyu hata sura yake ni ya wizi."

Ushahidi wa leo unaangalia zaidi uwezo wa kujizuia. Mjini Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watu 1,037 waliozaliwa kati ya 1972 na 1973. Waliokuwa wagumu wa kujizuia utotoni, wale wa papara na hamaki wasiomaliza wanachoanza, ndio waliokutwa zaidi na rekodi ya jinai walipofikia miaka 32, hata baada ya kuzingatia akili zao na kipato cha wazazi. Mmoja wa watafiti hao, Terrie Moffitt, alieleza mwaka 1993 kwamba wakosaji wengi huanza katika ujana, kwa kufuata wenzao, kisha huacha wakikua. Ni wachache wanaoanza utotoni na kuendelea hadi utu uzima. Kuwachanganya wote katika selo moja ni kumpeleka yule wa kwanza chuoni, na mwalimu wake ni yule wa pili.

Je, vitisho? Katika miaka ya 1970, gereza la Rahway huko New Jersey, Marekani, lilianza kuwapokea vijana watukutu ili wafungwa wa vifungo virefu wawafokee na kuwaeleza mateso ya jela. Filamu kuhusu mpango huo ilishinda tuzo ya Oscar. Tafiti zilipokuja kuwalinganisha vijana walioogofywa kwa njia hiyo na wenzao ambao hawakupelekwa, walioogofywa ndio waliofanya makosa zaidi.

Wema nao haujinusuru. Mwaka 1939, huko Massachusetts, Marekani, ulianza mradi wa wavulana 506: nusu walipewa washauri wa kuwatembelea, masomo ya ziada na kambi za likizo, nusu wakaachwa walivyo. Miongo kadhaa baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta, na mwaka 1978 akachapisha matokeo: waliosaidiwa ndio walioharibikiwa zaidi, kwa uhalifu wa kurudia, ulevi na maradhi ya akili. Nia njema peke yake si tiba.

Ndiyo maana jaribio la Liberia linastahili kusomwa taratibu. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 2003, Monrovia ilibaki na vijana wengi wa mitaani waliokula kwa wizi, unyang'anyi na kuuza dawa za kulevya, baadhi yao wakiwa wapiganaji wa zamani. Mtafiti Christopher Blattman na wenzake waliandikisha wanaume 999 wa namna hiyo na kuwagawa kwa bahati nasibu katika makundi manne: waliopata tiba, waliopata dola 200 taslimu, waliopata vyote viwili, na wasiopata kitu.

Tiba yenyewe ilidumu wiki nane. Waliiendesha watu waliowahi kupita maisha hayohayo, si madaktari wa makoti meupe. Vijana walijifunza kuitambua hasira inapopanda na kuondoka kabla mkono haujanyanyuka, kupanga kesho, kunyoa na kuvaa vizuri. Kisha walipewa kazi ya nyumbani: ingia benki au duka kubwa, uliza maswali, uone watu wanavyokupokea ukija kama raia wa kawaida. Nadhani hilo ndilo zoezi zito kuliko yote, maana linagusa jinsi mtu anavyojiona.

Hofu kwamba fedha zingeishia kwenye bangi na pombe haikutimia. Wengi walinunua mahitaji na kujaribu biashara ndogo. Lakini baada ya mwaka mmoja, fedha peke yake haikuacha alama, na faida ya tiba peke yake ilikuwa imefifia. Waliopata vyote viwili, wizi na ukatili wao ulipungua kwa karibu nusu. Miaka kumi baadaye watafiti walirudi, na tofauti ilikuwa bado ipo. Maelezo yao ni kwamba fedha iliwapa vijana muda wa kuishi bila kuiba, wakiendelea kuizoea tabia mpya hadi ikawa yao. Gharama yote ilikuwa kama dola 530 kwa kila mtu.

Tiba hii haimfai kila mhalifu, na hakuna anayeshauri kwamba muuaji apewe dola 200 na kuachiwa. Lakini Kenya ina sheria ya adhabu ya huduma kwa jamii badala ya jela tangu 1998, na Tanzania tangu 2002, kwa makosa yasiyozidi kifungo cha miaka mitatu. Mahakimu, maofisa wa uangalizi na wabunge wanaopitisha bajeti waiongezee adhabu hiyo wiki nane za mafunzo na mtaji mdogo, kisha wayapime matokeo kama walivyofanya Monrovia.