Mzinga wa Fort Jesus wafaa wanaoanza kuunda mifano ya kivita

ANAYETAKA kuanza uraibu wa kuunda mifano midogo ya zana za kivita katika Kaunti ya Kwale ana kielelezo karibu. Kutoka Diani au Msambweni, akivuka kwa feri ya Likoni, atakuta Fort Jesus mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyozamishwa na mabaharia wake katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915.

Msingi wa kazi hii ni kipimo. Kwa kipimo cha 1:350, meli hiyo ya mita 115 huwa sentimita 33, lakini tundu la mtutu, lenye milimita 105, husalia milimita 0.3 tu. Kwa 1:35, tundu hilo huwa milimita 3, nayo mbao nyepesi, gundi na msasa hutosha. Kwa hivyo, anayeanza aunde mzinga kwanza, meli baadaye.