Wajibu wa kampuni kwa jamii huanzia kwa mlinzi wa getini

Msikilizaji wetu, ukisikia kampuni imetimiza wajibu wake kwa jamii, bila shaka unaona madawati mapya na mgeni rasmi akikata utepe. Hayo ni mema, nasi huyatangaza. Lakini hivi karibuni mzee mmoja alifika studio na barua iliyokunjwa mara nne. Lori lilikuwa limemvunjia mikorosho miwili. Barua aliipeleka kwenye geti la kampuni mara tatu, na kila mara mlinzi alimjibu kuwa bosi hayupo. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetoka kukabidhi madawati katika shule anayosoma mjukuu wake.

"Hao waliotoa madawati, habari za mikorosho yangu wanazo?" alituuliza.

Tuanze na sheria. Sheria ya Petroli ya 2015, na Sheria ya Madini baada ya marekebisho ya 2017, zinazitaka kampuni ziandae mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Gesi ya Ghuba ya Mnazi imo humo, na mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji pia yamo. Mpango huo si hisani. Wala si ushuru wa huduma. Huo ni malipo mengine kwa halmashauri, na wengi wenu mnaotupigia simu huvichanganya viwili hivi.

Tatizo ni kwamba mpango hukaa ofisini, na mwananchi hukutana na dereva, mlinzi, mpima mizigo au nahodha wa boti. Hao ndio wa kufundishwa, na mafunzo yafuate kazi ya kila mmoja. Dereva aelezwe kwamba mikorosho ikiwa kwenye maua, vumbi la lori linalokwenda kasi huishia juu ya maua hayo. Nahodha anayepita ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ajue matumbawe yalipo asitupe nanga juu yake, na azitambue alama za nyavu. Mlinzi awe na daftari la malalamiko, ajue kuandika jina, tarehe na shida, na ajue ni nani ndani anayepaswa kulisoma siku hiyo hiyo.

Semina ya siku moja yenye posho na soda haitoshi. Dakika 10 kabla ya zamu, kila wiki, zinasaidia zaidi: nani alilalamika, alijibiwa nini, leo tubadili nini. Tena walinzi na madereva wengi wameajiriwa na wakandarasi, hivyo kampuni ikifundisha wafanyakazi wake tu, inawaacha wale wanaokutana na kijiji kila siku. Hapo ndipo tunapoona pengo kubwa kuliko yote.

Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha miongozo ya biashara na haki za binadamu, na mojawapo ya mambo inayohimiza ni kampuni kuwa na njia ya wazi ya kupokea malalamiko. Sisi wa Mtwara tunajua kwa nini. Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa huku mpango wa bomba la gesi kwenda Dar es Salaam ukiendelea, ghasia zilizuka, watu wakafa, majengo yakachomwa. Sababu zilikuwa nzito kuliko barua ya mtu mmoja, lakini maswali yasiyojibiwa yalikuwa mengi.

Nawe ukiwa na lalamiko, andika nakala mbili. Moja ibaki kwako ikiwa na muhuri, au jina na sahihi ya aliyeipokea. Pitia kwa mtendaji wa kijiji ili ofisi yake nayo iwe na kumbukumbu.

Mzee wetu alifanya hivyo Jumatatu. Nakala yake ina muhuri sasa, na jibu bado analisubiri.