Flashi ya Fundi na Diski Iliyotawanyika

Diski ya kuzunguka hugawa nafasi yake katika visehemu vidogo sana, ambavyo kwenye Windows kwa kawaida ni vya kilobaiti 4 kila kimoja. Diski ikiwa mpya, faili hulala mfululizo. Baada ya miezi ya kuandika na kufuta, nafasi tupu hubaki mapengo mapengo, na faili kubwa hukatwakatwa ili itoshee humo. Mtu wa Litein au Mogogosiek, kwenye nchi ya chai ya Kenya, aliyewahi kutazama lori la kiwanda likikusanya majani chai ataielewa hali hii upesi. Lori likijaa katika kituo kimoja hurudi mapema; likipita vituo kumi katika barabara ya matope, majani ni yale yale ila jioni imeingia. Kwenye diski, lori ni kichwa cha kusomea, na diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11 hivi. Vipande viwili havimsumbui mtu. Vikifika maelfu, mteja wa saiba, yaani duka la intaneti, anayesubiri fomu yake ichapishwe huanza kuguna.

Windows ina chombo chake cha kuvipanga vipande hivyo. Toleo la 7 liliratibu kazi hiyo saa saba usiku wa kuamkia Jumatano, saa ambayo saiba za Kericho, Sotik na Bomet zimefungwa na swichi imezimwa ukutani. Ratiba ikipita, Windows hungoja kompyuta ikae bila kazi, na ya saiba haikai.

Hapo ndipo programu za kubebeka zinapofaa. Defraggler, iliyotengenezwa na kampuni ya Piriform ya London, kwa mfano, ina toleo linaloendeshwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, hivyo fundi mmoja huweza kuhudumia mashine nyingi na flashi moja mfukoni. Contig, aliyoiandika Mark Russinovich, hupanga hata faili moja tu, jambo linalofaa pale ambapo daftari la hesabu la duka ndilo zito. Kubebeka hakumaanishi kupenya kila mlango: nywila ya msimamizi wa kompyuta bado inahitajika.

Kabla ya yote, aina ya diski ijulikane. Dirisha la Windows la kupanga diski, katika matoleo ya baada ya 7, huitaja. Diski ya SSD haina kichwa kinachosafiri. Kuhamisha faili zake huku na huku hakuleti kasi ya maana, tena huila maisha, kwa kuwa uwezo wake wa kuandikwa una kikomo. Hiyo iachiwe Windows yenyewe. Flashi nayo ni vivyo hivyo.

Kwa diski ya kuzunguka, faili muhimu hunakiliwa kwingine, makosa ya diski hukaguliwa, takataka hufutwa, na asilimia 15 hivi ya nafasi huachwa wazi ili vipande vipate pa kugeukia. Saiba nyingi hulinda mashine kwa programu kama Deep Freeze, inayorudisha kila kitu kilivyokuwa kompyuta inapowashwa upya. Isipozimwa kwanza, kazi ya saa tatu hufutika kwa dakika moja, na fundi hulaumu diski.

Umeme nao uangaliwe. Mvua ya alasiri Kericho huja na radi. Windows hunakili kipande kwanza ndipo ibadilishe anwani yake, kwa hiyo kukatika kwa umeme hakupotezi faili kirahisi, ila kwenye diski chakavu hakuna dhamana. Laptopu yenye betri nzima ina nafuu.

Hatari kubwa zaidi hutembea na flashi yenyewe. Ile inayotoka saiba moja hadi nyingine huweza kueneza virusi zaidi kuliko inavyorudisha wepesi uliopotea. Yenye kitufe cha kuzuia kuandikwa ni bora, nayo programu ipakuliwe kutoka kwa aliyeitengeneza.

Diski inayotoa mlio wa kugonga haipangwi kamwe. Kila mwendo wa kichwa huisogeza karibu na kufa, hivyo hunakiliwa mara moja, kisha hubadilishwa.